Naomba ushauri: nielezeje sayari kubwa zilivyosogea karibu na nyota zao?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na kuna swali la mwanafunzi limenibana. Nilikuwa nawaeleza 51 Pegasi b, ile sayari ya nje ya mfumo wetu wa jua ambayo wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliitangaza mwaka 1995. Uzito wake ni kama nusu ya Mshtarii, ila inaizunguka nyota yake kwa siku 4 na ushei tu. Kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa joto lile, barafu ya kujengea jitu kama hilo ilitoka wapi?"

Jibu lililozoeleka ni kwamba ilizaliwa mbali na nyota, kwenye baridi, ikahamia ndani. Sasa ilihamaje? Kuna maelezo kwamba sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa huisogeza sayari taratibu. Mengine ni ya vurugu: sayari nyingine au nyota jirani huvuruga njia yake hadi inarefuka kama yai, halafu kila ikipita karibu na nyota yake, nguvu zilezile zinazosababisha bahari kujaa na kupwa zinaubana mzunguko hadi unakuwa mdogo. Sayari nyingine, HD 80606 b, yenye mzunguko wa siku 111 uliorefuka kupita kiasi, inanivutia upande huo. Lakini sayari 7 za nyota TRAPPIST-1, ambazo muda wa mizunguko yao unaoana kwa uwiano wa namba nzima ndogo, zinaelekea zilisogea kwa utulivu.

Wenye uzoefu, nianze na ipi darasani? Na kuna jaribio lolote la beseni na maji linaloweza kusaidia? Projekta hatuna.