Asali, stevia au vidonge vya utamu: kipi salama kwa mwenye kisukari?

mama_K: Wakuu habari za mchana. Naomba msaada, kati ya hivyo vitatu kipi hakina madhara? Naambiwa vidonge vinaleta kansa.

Fundi Saa: Hiyo ni aspartame. 2023 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka kundi la "huenda inaleta kansa", ila kiwango kinachoruhusiwa kikabaki palepale, miligramu 40 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anywe makopo zaidi ya tisa ya soda isiyo na sukari ndo apite.

Bi Mkasi: Mie mume wangu nilimwekea majani ya stevia kwenye chai. Akaniuliza kama nimempikia mwarobaini. Siku hizi chai anakunywa kwa jirani.

Baba Nuru: Mleta uzi, ni kwa nani na cha kuweka kwenye nini?

mama_K: Keki. Ya mteja, Jumamosi.

Baba Nuru: Mlaji anatumia dawa gani?

mama_K: Ni mzee wake, anachoma insulini. Jamani msinirukie, advansi nimeshapokea na asali nimeshanunua lita tatu, ya Tabora kabisa. Tangazo langu linasema "haina sukari", na kweli sukari sijaweka hata punje.

Baba Nuru: Asali ni glukosi na fruktosi, yaani sukari tu, dada. Damu haijui kama imetoka kwa nyuki au kiwandani. Mzee akiamini haina sukari atakula vipande vitatu na sindano hajaipima kwa hivyo. Unga wa ngano nao ni wanga, hujautaja. Tumia sukralosi, utamu mwingine wa kiwandani, inavumilia moto wa oveni. Aspartame ikiokwa utamu unapotea. Keki haitajaa wala kupata rangi kama ya sukari, basi mwambie mteja mapema.

mama_K: Lakini asali ni ya asili. Mababu zetu walikula na hawakuumwa.

Fundi Saa: Mababu zetu walitoka Tabora hadi pwani kwa miguu, na pembe begani. Mzee wako anashuka ngazi?

Mja wa Mola: Rudisha hela ya watu. Maradhi ya mtu yasiwe mtaji.

Kipanga: Hii chai. Lita tatu za asali kwa keki moja? Kuna uzi ulianza hivihivi na mgonjwa, ukaisha na namba ya kuagizia mafuta ya ubuyu. Subirini.

mama_K: Keki ni ya ghorofa tatu!

Kipanga: Ghorofa tatu, mgonjwa mmoja wa kisukari. Sawa.

Bi Mkasi: Mie sijali chai wala keki. Hiyo asali lita bei gani?

mama_K: Elfu kumi na tano. Ila sikuleta uzi kwa ajili hiyo.