Naenda Lyon kusoma Kifaransa, misosi na matembezi ya kule ikoje?

Kijenge_Juu:
Wakuu habari za jioni. Mimi naongoza watalii hapa Arusha, siku zote nabeba wageni wa Kiingereza tu, sasa Wafaransa wanaokuja Serengeti na Ngorongoro wanataka mtu anayeongea lugha yao na hela yao iko poa, nikaamua kujichanga niende kozi Lyon, Ufaransa, kuanzia Septemba mpaka baada ya Krismasi. Viza ishatoka namshukuru Mungu. Ishu ni msosi, nasikia huko sahani kubwa chakula kiduchu alafu bei inatisha, na mimi bila ugali au ndizi bado sijala. Na wikiendi nikatembee wapi pasipomaliza hela? Sitaki nirudi nimeona darasa na chumba tu. Aliyewahi kukaa kule atiririke.

Mangi_wa_Kibosho:
Lyon nimekaa mkuu, umechagua mji wa watu wanaokula. Chakula kiduchu ni cha mahoteli ya kwenye tv. We tafuta vimgahawa vyao vinaitwa bouchon, meza zimebanana mpaka unagongana viwiko na jirani, agiza andouillette, ni soseji imejazwa utumbo na harufu inafika kabla ya sahani. Wenzangu wa darasani walikunja pua wote, mimi niliyekulia supu ya utumbo pale Mbuyuni nikaomba na mkate wa kufutia mchuzi, mama mwenye mgahawa akatoka jikoni kuja kuniangalia huyu ni nani. Toka siku hiyo kila nikipita ananisimamisha mlangoni tunapiga stori, nikikosea ananikatisha hapohapo, hakuna mwalimu aliyeninyoosha kama yule mama. Kuna na boudin noir, soseji ya damu, wanaipa na matofaa ya kukaanga, aliyezoea kisusio, ile supu yetu Wachaga ya damu, haimtishi hata kidogo.

Ila chunga saa. Mchana jiko ni saa sita mpaka saa nane, ukichelewa wanakwambia limefungwa mpaka saa moja usiku, utaishia kebab. Maji usinunue, sema carafe d'eau unaletewa jagi la maji ya bomba bure. Siku za kawaida kula kantini za wanafunzi za CROUS kama shule yako inatoa kadi ya mwanafunzi, enzi zangu sahani kamili ilikuwa euro 3.30. Ndizi mzuzu nenda mtaa wa Guillotière, mshare sahau.

Kutembea, panda kilima cha Fourvière kwa miguu uone mji wote, mito yote miwili Rhône na Saône, na hewa ikiwa safi Mont Blanc inaonekana kwa mbali, watakuonyesha kwa mbwembwe zote hiyo mita 4,800 na ushee, we itikia tu 😂 5,895 umeiacha nyumbani. Ukishuka pita Vieux Lyon, ule mji wa zamani, kuna milango unaisukuma unatokea kwenye vichochoro vinavyopita katikati ya nyumba za watu, wanaviita traboules, vingine viko wazi bure. Na tarehe 8 Desemba usisafiri kabisa, watu wanawasha mishumaa madirishani, ni desturi yao tangu 1852, mji wote taa.

Chalii_Sakina:
Sasa arif si uende tu Alliance Française hapa hapa town ubaki na hela yako? Wangapi wanaongea Kifaransa na ndege hawajapanda

Dada_Njiro:
@Chalii_Sakina aanzie hapo ndio, hata mimi nilianzia pale, ila darasani unaongea masaa mawili ukitoka nje ni Kiswahili tena, kule hata kununua baguette inabidi ufungue mdomo na foleni nyuma yako haina huruma.
Kijenge una miaka mingapi? Kama hujafika 26 na viza yako ni ya muda mrefu, makumbusho ya Louvre kule Paris unaingia bure, kasri la Chambord bure, beba pasi na viza uonyeshe getini, Louvre Jumanne wanafunga. Mimi nilikuwa mji wa Tours, Jumamosi tunapanda treni kwenda Chenonceau, kasri limejengwa juu ya mto kama daraja, hapo kuingia tulilipa na sikujutia. Mkate, jibini na zabibu za sokoni tukala nje kwenye nyasi. Jibini la mbuzi mwanzoni utalilaani, vumilia. Na viza ikiandikwa VLS-TS, yaani ya muda mrefu inayosimama kama kibali cha kukaa, uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 toka ufike, wengi wanasahau wakinogewa na matembezi.

Kijenge_Juu:
Nina 24 dada, ubarikiwe sana. Mangi nimecheka mbavu sina, hiyo soseji naianza wiki ya kwanza. Koti nichukue mitumba Kilombero au nisubiri kule?

Mangi_wa_Kibosho:
Shuka soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, ya baridi kali yamejaa. Kule bei ya koti moja unakula wiki mbili.