Tembo, emu, tuba, lagmi: kwa nini jingine hudumu tamu na jingine huwa siki kesho yake?

Kibuyu Kikavu (swali)

Wakuu, salaam. Nalinganisha tembo la mnazi na ndugu zake wa nchi nyingine, kuna kitu kinanitatiza. Tembo letu likishuka mtini asubuhi, jioni limekuwa kali, na kesho kutwa unaweza kulitia kwenye kachumbari. Wakati huohuo India wanauza utomvu wa mnazi na wa mvumo (mti wa jamii ya mnazi) mtamu kabisa, usio na kilevi. Ufilipino nako kuna tuba, tembo lao jekundu linalokaa miezi. Tofauti iko wapi: kwenye mti, kwa mgema, kwenye chombo, au kuna kinachotiwa? Halafu, kugema kunaua mti? Wengine wanasema ndiyo, wengine wanaapa hapana.

Kotama

Anza na chombo, mkuu. Utomvu unapodondoka kwenye ua la mnazi hauna kilevi hata chembe. Ni majimaji maangavu kama ya dafu, yenye sukari ya aina ile ya muwa, asilimia 10 hadi 15 hivi, na pH yake (kipimo cha uchachu: kadiri inavyoshuka chini ya 7 ndivyo kitu kinavyokuwa kichachu) iko karibu na 7. Ukigusa ukuta wa kibuyu tu, unakutana na hamira na bakteria waliobaki tangu jana, na wengine wanaletwa na nyuki na nzi. Ndiyo maana hakuna mgema anayetia hamira.

Sasa hesabu saa vizuri. Watu huhesabu tangu tembo lishuke chini, na hapo ndipo wanapokosea. Kibuyu kilichotegwa jioni kikashushwa alfajiri kimekaa juu saa 12, kwa hiyo matone ya kwanza yameshachacha kabla mgema hajapanda. Anachokushushia ni mchanganyiko wa utomvu wa rika tofauti. Bakteria wa asidi ya laktiki hushusha pH hadi 4 hivi, hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi, na baada ya siku moja hivi kilevi kinafika asilimia 5 hadi 7. Hakiwezi kuzidi hapo sana, maana sukari yenyewe imekwisha. Wa mwisho kuingia ni bakteria wa siki, na hao wanahitaji hewa. Tembo kwenye ndoo iliyo wazi huwahi kuwa siki kuliko lililo kwenye chombo chenye shingo nyembamba.

Ule weupe kama maziwa watu huudhania kuwa kuna kitu kimetiwa. Ni hamira na bakteria wenyewe, mabilioni yao yakielea. Masimbi, yaani mashapo, yakiwa mengi huchujwa; Wagiriama hunywa kwa mrija wenye chujio nchani. Kama tembo linavuta uzi kama mlenda, chombo hakijaoshwa siku nyingi.

Pwani Tulivu

Si unaweka kwenye friji tu, mambo yanakwisha?

Kotama

Friji hupunguza kasi, haisimamishi. Na usikaze kifuniko. Gesi inaendelea kutoka, chupa ya plastiki itatuna na ya kioo itapasuka. Wanaouza kwa madumu hulegeza kifuniko au huziba mdomo kwa nyuzi za mnazi ili gesi ipate pa kupitia. Kuliua kabisa ni kwa moto: Nigeria emu (tembo lao) ya chupa huchujwa, ikatiwa kwenye chupa, kisha ikapashwa hadi nyuzi 70 hivi kwa nusu saa au zaidi. Hudumu miezi, ila ule mchemko wa ulimini umekwenda.

Mwanakarara

Kuhusu kinachotiwa, usichanganye mambo mawili: kuna kinachozuia na kuna kinachochelewesha.

Kinachozuia ni chokaa. Tamil Nadu, India, huipaka ndani ya chungu kabla ya kukitundika kwenye mvumo, na utomvu unaodondokea humo huitwa padaneer. Chokaa hupandisha pH hadi mahali ambapo hamira haifanyi kazi. Chungu hichohicho kikitundikwa bila chokaa kinakupa kallu, yaani tembo. Mti mmoja, mgema mmoja, vinywaji viwili.

Kinachochelewesha ni magome ya miti. Leyte na Samar, visiwa vya Ufilipino, tuba hutiwa barok, gome la mkoko lililosagwa, na ndilo linaloipa rangi nyekundu. Wabatak wa Sumatra hutia gome waliitalo raru kwenye tuak, tembo lao. Nigeria hutumia gome la mti wa Saccoglottis gabonensis. Ukali wa gome, uleule unaokaza ulimi kama chai iliyokolea, huwabana bakteria zaidi kuliko hamira, kwa hiyo kilevi kinapatikana na siki inachelewa. Tuba ya kukaa muda mrefu lazima pia imwagwe kwenye chombo kingine mara kadhaa ili masimbi yabaki nyuma, kisha ijazwe hadi shingoni isiache nafasi ya hewa. Gome peke yake bila kazi hiyo halikusaidii.

Kibuyu Kikavu

Hapo kwenye chokaa: kiasi gani?

Mwanakarara

Utando mwembamba ndani ya chungu, na uvundo wa jana uwe umesuguliwa kwanza. Tumia chokaa safi ya kuliwa, ile ya tambuu, si ya kupaka ukuta. Ikipungua, utaona povu, na povu maana yake hamira imeshinda. Ikizidi, kinywaji kinababua ulimi na ladha ni ya udongo. Kipimo rahisi ni litmasi: karatasi nyekundu igeuke bluu utomvu unaposhuka. Kabla ya kunywa acha utulie, chokaa iketi chini, mimina wa juu tu. Na hakuna chokaa itakayorudisha utamu wa tembo lililokwisha chacha.

Mwale Mmoja

Kuhusu kufa kwa mti, pande zote mbili ziko sahihi, kila mmoja anazungumzia mti wake.

Mnazi haufi. Kinachogemwa ni ua likiwa bado limefungwa ndani ya karara. Karara hufungwa kamba lisipasuke, huinamishwa kidogokidogo kwa siku kadhaa, na Kerala na Sri Lanka hugongwa taratibu kwa mfupa au kigogo ili nyama ya ndani ilainike. Kisha ncha hukatwa, na kila asubuhi na jioni hupunguzwa kipande chembamba kama sarafu. Kotama, kisu cha mgema, iwe wembe: ikiwa butu inaponda mishipa ya utomvu badala ya kuikata, na kidonda kinaziba. Ukiruka siku, nacho kinakauka. Unachopoteza ni nazi, maana karara lililogemwa halizai. Karara moja hudondosha mwezi hivi, mti hutoa lita 1 au 2 kwa siku. Sri Lanka hufunga kamba za makumbi kutoka mnazi hadi mnazi, mgema akapita juu kwa juu bila kushuka.

Mchikichi una njia mbili. Ukigema ua la dume mti ukiwa umesimama, unaishi. Ghana nsafufuo (tembo lao) nyingi hutoka kwa mchikichi ulioangushwa: unalazwa siku kadhaa, unatobolewa karibu na moyo, tundu linachomwa kwa mwenge na kupunguzwa kila siku. Huo umekwisha. Mwale, mti mwingine wa jamii hiyo, nao hugemwa kileleni unapokaribia kuchanua, na kwa kuwa huchanua mara moja tu maishani, ungekufa hata bila mgema.

Mtende ndio wenye hatari. Lagmi ya Tunisia, yaani utomvu wa mtende, hutoka kileleni, makuti yakiwa yameondolewa. Mgema akiacha moyo wa mti mzima na kusimama mapema, mtende huchipua tena, ingawa hukaa miaka bila kuzaa. Akiendelea hadi tone la mwisho, amekata kuni.

Kibuyu Kikavu

Nimewaelewa. La mwisho: asali ya tembo inachemshwa vipi hadi iwe sukari guru? Nimeona wengine inagoma kuganda.

Kotama

Utomvu wa chokaa, uliochujwa, motoni ndani ya saa moja tangu ushuke. Sufuria pana, moto mkali mwanzoni, halafu mdogo ikianza kuwa nzito, ukikoroga bila kuacha. Kwa sukari guru kilo 1 utahitaji lita 7 au 8 hivi. Ikigoma kuganda ikabaki kama gundi, sukari ya muwa imeshavunjika kuwa ile isiyoganda, kazi ya bakteria na asidi. Kuongeza moto hapo ni kuiunguza tu. Rudi ukasugue chungu.