MREJESHO: ./configure iliyogoma kwenye Windows sasa inapita

Wakuu, salamu. Wiki iliyopita niliomba msaada: nikijaribu kujenga programu ya C ndani ya MSYS2 (mazingira ya kujengea programu kwa zana za mtindo wa Unix) kwenye Windows 11, ./configure (skripti inayoandaa ujenzi) inagoma palepale na kuandika `$'\r': command not found`.

Aliyesema tatizo ni miisho ya mistari alipatia kabisa. Git (zana ya kushusha na kutunza msimbo) ilikuwa imegeuza kila LF (alama ya mwisho wa mstari ya Unix) kuwa CRLF (ile ya Windows, yenye herufi `\r` ya ziada) wakati wa kushusha msimbo, na bash (programu inayosoma amri) ikawa inaisoma ile herufi ya ziada kama sehemu ya amri. Nikaandika `git config --global core.autocrlf input`, lakini kosa likabaki vilevile, kwa sababu mpangilio mpya haugusi faili zilizokwisha kushuka. Nilipofuta folda nzima na kushusha upya, configure ilipita hadi mwisho. Nilifurahi mno!

Kisha make (zana inayojenga programu yenyewe) ikakwama. Folda ilikuwa chini ya jina langu la mtumiaji, ambalo lina nafasi katikati, na make ikalikata vipande viwili. Nikahamishia kazi yote C:\src, ikaenda.

Ushauri wa kutumia WSL (Linux ndani ya Windows) sikuufuata, maana nahitaji .exe ya kupeleka kwenye kompyuta nyingine. Huko .exe hiyo ilidai DLL (faili la maktaba ambalo programu hulihitaji ili ifunguke). Amri ya `ldd`, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, ikanionyesha ni libwinpthread-1.dll, nikainakili kutoka /ucrt64/bin na kuiweka kando ya .exe. Ikafunguka.

Majaribio mawili ya programu hiyo yanayohusu symlink (kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine) bado yanafeli hata baada ya kuwasha Developer Mode (mpangilio wa Windows kwa watengeneza programu). Nimeyaruka kwa sasa.

Ahsanteni sana, hasa dada uliyenisomea logi yote usiku ule.