Porsche 944 ya 1987: stata inapiga vizuri, ila ikishapata moto inagoma kuwaka. Ikipoa inawaka yenyewe

Mwendo944

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada maana hii gari inaelekea kunitoa akili. Nina 944 ya 1987, ile ya lita 2.5 valvu 8 isiyo na tabo. Ikiwa baridi haina neno, unagusa funguo tu inashika na inanguruma taratibu. Kasheshe inaanza nikishaitembeza kama nusu saa hivi nikaizima mahali nikashuka, nikirudi nageuza funguo stata inapiga kwa nguvu zote, injini inazunguka kabisa, lakini haishiki, hata ile kukohoa ya kutaka kushika hamna. Nafungua boneti nakaa pembeni dakika 20 mpaka 30, najaribu tena, inawaka kama vile sio yenyewe iliyogoma. Na kinachoudhi zaidi sio kila siku, inaweza kukaa wiki haijagoma mpaka unajisahau.

Vilivyobadilishwa mpaka sasa: betri, plagi, nyaya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota yake, filta ya mafuta. Mwisho fundi akaikuta imegoma, akasikiliza kwa nyuma akasema pampu ya mafuta iko kimya, basi ikawekwa pampu mpya. Baada ya siku kadhaa ikagoma vilevile. Sasa fundi anasema ni kompyuta ya injini, na mimi mfuko umeshaanza kulia. Nianzie wapi jamani?

Kisukuma_gia

DME rilei, yaani swichi ya umeme inayolisha kompyuta ya injini (DME) na pampu ya mafuta. Hizo gari ikigoma ikiwa na moto alafu ikipoa inawaka ni hiyo rilei, lehemu ndani inapata nyufa, joto likipanda kontakti inaachia, ikipoa inarudi. Weka mpya maliza mchezo.

Mwendo944

Nilisahau kuitaja mkuu, rilei nayo ilishabadilishwa, tena ndo ilikuwa ya kwanza kabisa kwa sababu kila mtu anaimba rilei. Tofauti sijaiona.

fundi_waya

Mkuu hebu simamisha kwanza manunuzi. Umeshabadilisha vitu vingi na hakuna hata kimoja kilichopimwa gari ikiwa imegoma. Tatizo la kuja na kuondoka ukilipima wakati gari iko sawa utaambiwa kila kitu kizima, na kweli kitakuwa kizima kwa muda huo. Kwaiyo dawa ni kuwa na vifaa ndani ya gari muda wote, mita, kipande cha waya na tochi, ikigoma tu unaanza kazi hapohapo kabla haijapoa. Hizo dakika 20 unazokaa pembeni unasubiri ipoe ndo dakika za dhahabu zenyewe.

Sasa hiyo habari ya pampu kuwa kimya, hapo ndo mafundi wengi wanapoteza wateja wao. Kwenye 944 ukiwasha swichi tu bila kupiga stata pampu hailii, sio kama gari nyingine ambazo unasikia ikijaza presha sekunde mbili. DME rilei ina pande mbili ndani ya kasha moja. Upande mmoja unalisha kompyuta umeme mara swichi inapowashwa. Upande wa pili unalisha pampu, na huu unaamrishwa na kompyuta yenyewe, nayo haitoi amri mpaka ione injini inazunguka. Inaonaje? Kwa sensa mbili zilizokaa nyuma ya injini juu ya kasha la klachi, moja ni ya spidi inasoma meno ya flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), nyingine ni ya rifarensi inasoma alama moja tu kwenye flaiwili ili kompyuta ijue injini iko wapi kwenye mzunguko. Sensa mojawapo ikinyamaza kompyuta inajua injini imesimama, hata kama stata inapiga mpaka betri inaisha. Matokeo yake pampu hailii, injekta hazifunguki, plagi hazitoi moto. Kila kitu kinakufa kwa mpigo, alafu mtu anasikiliza pampu anasema pampu mbovu.

Ikigoma safari ijayo fanya hivi. Mtu apige stata wewe uangalie mshale wa RPM kwenye dashibodi. Ukirukaruka kidogo pale chini, maana yake kompyuta ina umeme na inapata ishara za sensa na koili inafanya kazi, basi tuhamie upande wa mafuta. Ukilala kabisa hausogei, basi ni umeme wa kompyuta au sensa.

Ukilala, chomoa DME rilei, weka waya mnene uunganishe matundu namba 30, 87 na 87b yote matatu kwa pamoja (namba zimeandikwa chini ya rilei yenyewe, hakikisha umezihamisha sawasawa kwenye soketi, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu). Hapo umeiruka rilei, kompyuta inapata umeme na pampu italia muda wote. Piga stata. Ikiwaka, ni rilei, haijalishi ni mpya kiasi gani, rilei mpya mbovu zipo nyingi tu. Isipowaka na pampu unaisikia inalia na mshale bado umelala, achana na rilei na pampu moja kwa moja, nenda kwenye sensa. Huo waya uutoe ukimaliza kupima, usiendeshee gari maana pampu haitazima hata injini ikizimika, na siku ya ajali hiyo ni petroli inamwagika bila kukoma.

Sensa zina plagi zake za waya (sio plagi za moto) nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini, zina pini tatu. Pima pini ya 1 na ya 2, inatakiwa iwe kati ya omu 600 na 1600, nyingi zinasoma karibu na 1000. Pini ya 3 ni ya kinga ya waya, ukipima 1 na 3 au 2 na 3 isome juu sana, zaidi ya kiloomu 100, ikisoma chini ujue waya umeanza kugusana ndani. Na upime IKIWA IMEGOMA. Kesho asubuhi zitasoma vizuri utanitukana bure.

Mama_Turubo

Mimi nina wazo tofauti kidogo na fundi_waya. Kwanini isiwe mvuke wa petroli? Gari ikizimwa ikiwa na moto joto la injini linapanda kidogo kwanza kabla halijashuka, petroli iliyobaki kwenye reli ya injekta inachemka inakuwa mvuke. Presha ikishikiliwa haichemki kirahisi, lakini kama vali ya kuzuia mafuta yasirudi kule kwenye pampu imechoka au regyuleta ya presha ya mafuta inavujisha, presha inashuka mara moja na hapo kuwasha ni shughuli. Yangu ilikuwa hivyohivyo ya kugoma ikiwa na moto.

fundi_waya

Dada hoja yako ina uzito na kama mshale wa RPM utarukaruka basi huko ndo tutaenda kupima presha. Ila linganisha dalili. Yako nina uhakika ilikuwa inapigwa stata muda mrefu, inakohoa, inashika kwa shida na silinda mbili tatu, inatoa harufu, alafu inatulia. Pampu ikishalia sekunde kadhaa inasukuma ule mvuke unaondoka. Jamaa anasema hata kukohoa hamna, piga utakavyo, mpaka ipoe. Hilo ni jambo la swichi, ipo au haipo, halina katikati. Mafuta mara nyingi yanakuacha taratibu, umeme unakuacha ghafla.

Kuna njia ya haraka ya kumaliza ubishi, ikigoma piga stata kidogo alafu toa plagi moja uiangalie. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto hamna, au sensa ya joto inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi inamwaga mafuta kupita kiasi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Kavu na hamna moto vyote kwa pamoja, tunarudi kwenye kompyuta kukosa umeme au ishara.

Kigingi

Samahani naingilia, na mimi 944 yangu inasumbua kuwaka ila yangu ukigeuza funguo inatoa KLIK moja tu, stata haizunguki, ukijaribu mara kadhaa inakubali. Na mimi nipime hizo sensa?

fundi_waya

Hapana Kigingi, yako ni ugonjwa mwingine kabisa, sensa haihusiki na stata kuzunguka. Anza na betri, pima wakati mtu anapiga stata, ikishuka chini ya volti 9.5 hivi betri au terminali hazifai. Betri ikiwa sawa angalia ule mkanda wa arthi kutoka kwenye injini kwenda bodi, kwenye magari ya umri huu unakuwa umeliwa na kutu pale boliti inapobana, kwa macho unaonekana mzima. Alafu pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi ya stata (namba 50) wakati funguo imegeuzwa, ukipata volti 12 pale na nyaya zote nene ziko sawa basi stata ndo mbovu, ukipata 8 au 9 umeme unapotelea njiani, na mara nyingi ni ile sehemu ya umeme ya swichi ya funguo imechakaa. Hiyo sehemu inabadilishwa peke yake, hauhitaji silinda mpya ya funguo. Ukitaka tuendelee fungua mada yako tusimchanganye mwenzetu.

Kisukuma_gia

Nyongeza, kama kuna alamu ilifungwa na mmiliki wa zamani itafute. Hizo zinakata waya wa stata au wa kompyuta zinapitisha kwenye kirilei kimefichwa chini ya dashibodi, na viungo vyenyewe vimesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe. Gari la zaidi ya miaka 30 limepita mikono mingi mno.

Mwendo944

Alamu haipo, niliangalia chini ya dashibodi nikakuta nyaya zote za kiwandani. Nimeweka mita na waya kwenye buti, sasa nasubiri igome, mara ya kwanza maishani naomba gari igome 😂

---

Mwendo944

Wakuu imegoma leo!! Na nilikuwa tayari.

Mshale wa RPM umelala kabisa, haukutikisika hata kidogo stata ikipigwa. Plagi nimetoa moja, kavu. Nikaunganisha 30, 87 na 87b, pampu ikaanza kulia kule nyuma naisikia vizuri, nikapiga stata, hola, mshale bado umelala. Kwaiyo rilei nimeivua hatia. Nikaenda kwenye zile plagi za sensa nyuma ya injini (mikono imeungua lakini sio mbaya). Ya kwanza inasoma omu 980, iko tulivu. Ya pili mita haisomi kitu, kama vile haina waya ndani. Nikashika waya wake nikaupinda kidogo sentimita chache kabla ya plagi, ikasoma 1010, nikaachia ikapotea. Nikakagua kwa tochi, ganda la waya limekakamaa linapasuka ukiligusa, ndani unaona kinga ya shaba imeoza rangi ya kijani. Nikaushikilia ule waya umepinda upande, nikachomeka plagi, mdogo wangu akapiga stata, ikawaka hapohapo ikiwa bado na moto wote.

Yaani pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima, na kompyuta nilikuwa naenda kuibadilisha bure. Sasa naweza kuunga huo waya au ni sensa nzima?

fundi_waya

Safi sana mkuu, umefanya kazi ambayo gereji nzima ilishindwa.

Usiunge. Waya na sensa ni kitu kimoja, ule waya una kinga kwa sababu ishara yake ni ndogo na inapita jirani na nyaya za plagi zenye volti maelfu, ukiunga vibaya utapata gari inayowaka lakini inakata moto ukiwa kwenye mwendo, ambayo ni mbaya kuliko hii. Na badilisha zote mbili, zimezeeka pamoja kwenye joto lilelile, hiyo yenye 980 inafuata tu.

Kila sensa imeshikwa na boliti moja kwenye bracketi iliyo juu ya kasha la klachi. Nafasi ni finyu, utahitaji ekstensheni ndefu na uvumilivu. Mwagia mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia kwa sababu huwa zinaganda kwenye matundu yake, zungusha kushoto kulia kidogokidogo huku unavuta, usiinyonge kwa koleo ikakatikia ndani. Bracketi yenyewe USIILEGEZE kama hakuna ulazima, hiyo ndo inashikilia nafasi kati ya ncha ya sensa na flaiwili, ambayo inatakiwa 0.8 mm. Ukishailegeza itabidi uipange upya, watu wanagundisha washa ya unene huo kwenye ncha ya sensa ya zamani, wanaibonyeza mpaka iguse flaiwili, wanakaza bracketi, ndo wanaweka sensa mpya.

Alafu angalia sana plagi zake, zinaingiliana. Ya spidi ina alama DG, ya rifarensi ina alama BG. Ukizigeuza gari haitawaka kabisa, iwe baridi iwe moto, na utarudi hapa unalia kwamba sensa mpya ni feki. Weka utepe wa rangi kwenye mmoja kabla hujachomoa chochote.

Mama_Turubo

Na ukiwa huko nyuma ya injini pitia mipira ya petroli inayoingia kwenye reli ya injekta, ikamulike vizuri na uipinde kidogo. Kama waya umepasuka kwa joto la hapo mipira nayo ni ya umri huohuo, na 944 zilizoungua kwa sababu ya hiyo mipira sio hadithi. Ukiona nyufa au ukisikia harufu tu ya petroli usiwashe.

Mwendo944

Mmoja una nyufa dada, nimeuona sasa hivi kwa tochi. Naagiza sensa mbili na mipira yote kwa pamoja, gari haitoki hapa mpaka vifungwe. Ile pampu ya zamani naifuta vumbi naiweka kwenye boksi kama spea.

Kigingi

Mkanda wa arthi umekatika nusu wakuu, umebaki nyuzi chache tu chini ya boliti. Nafungua mada yangu.