Paswadi kwenye OSPF kila laini, kuna ulazima?

rauta_mbagala: Wakuu habari za jioni. Niko ISP (kampuni ya intaneti) ndogo hapa Dar, rauta kama 30 kuanzia Kariakoo mpaka Tegeta, ndani OSPF (rauta zetu zinapeana njia zenyewe kwa zenyewe), nje BGP (kupeana njia na mitandao mingine) kwa watoa huduma wawili. Bosi anataka kila laini ya OSPF iwe na paswadi na BGP tuweke RPKI (kuhakiki kama anayetangaza anwani ana haki nazo). Naogopa kiukweli, mwezi uliopita tulibadilisha paswadi ya laini ya Mbagala tu, mwenzangu akakosea herufi moja, sekunde 40 zikaisha majirani (rauta za pande mbili za laini) wakaachana, na ile rauta tulikuwa tunaifikia kwa njia hiyohiyo, nikapanda boda saa 8 usiku kwenda mnarani. Tuko mafundi wawili tu.

fundi_waya: Pole sana mkuu. Anza na kisichohitaji paswadi: porti zote za wateja weka pasivu, OSPF isiongee huko kabisa. Usipofanya hivyo mteja anachomeka rauta yake, eneo na subneti na taima zikifanana inakuwa jirani yako, inatangaza difoti (njia ya trafiki yote isiyo na njia nyingine) na trafiki inaelekea kwake.

dada_netiweki: Usiishie hapo kaka. Maghorofa ya Kariakoo swichi ziko koridoni, kila fundi wa kila kampuni anaingia, laini zinazopita huko lazima ziwe na paswadi, HMAC-SHA (uthibitisho imara zaidi) kama rauta zinakubali, la sivyo hata MD5 (wa zamani). Na msibadilishe kwa mkupuo. Kila ufunguo (paswadi) una namba yake, ongeza mpya pande zote wa zamani ukiwepo, ona jirani kaukubali, ndo ufute wa zamani. Kwenye rauta zinazotuma kwa funguo zote mbili wakati wa kubadilisha, herufi ikikosewa hakuna kinachokatika.

mzee_wa_bgp: Mimi RPKI ningeitanguliza. Februari 2008 Pakistan Telecom walitaka kuifunga YouTube nchini kwao, wakatangaza /24 (fungu dogo la anwani) iliyomo ndani ya /22 (fungu kubwa) ya YouTube, na rauta hufuata fungu dogo zaidi, tangazo likavuja kupitia mtoa huduma wao na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa muda wa saa mbili hivi. Paswadi isingesaidia maana aliyetangaza alikuwa jirani halali! Sajili ROA zako (cheti cha nani anaruhusiwa kutangaza anwani zako) AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti Afrika, halafu kataa njia batili, zinazopingana na ROA. Na seva ya kuhakiki ikizima, njia zinahesabika hazijulikani tu, zinaendelea kupita, hupandi boda.

rauta_mbagala: Asanteni sana. Pasivu naanza usiku huu, ROA kesho. Ila mnarani niingieje OSPF ikikatika?

fundi_waya: Weka modemu ya laini ya simu pale, iingie kwenye porti ya konsoli (ya kuiendesha rauta moja kwa moja bila kupitia mtandao). Fanya hiyo kabla hujagusa paswadi yoyote.