MREJESHO: Unyevu kwenye nyumba ya mawe, Dordogne

Wakuu, nilileta hapa shida ya kuta zenye unyevu kwenye nyumba yetu ya shamba ya zamani huko Dordogne, Ufaransa. Asanteni sana kwa michango. Nilimfuata mdau aliyesema tubandue lipu ya saruji tupige ya chokaa, maana saruji hufungia maji ndani ya jiwe. Kweli kabisa! Ukuta wa sebuleni umekauka, ile chumvi nyeupe inayoachwa na unyevu ukutani haitoki tena ukipitisha kidole. Tuliondoa pia udongo wa bustani uliokuwa umeegemea msingi. Ila upande wa kaskazini, lilipokuwa zizi na sasa ni jiko, bado panavuja jasho. Chokaa peke yake haikutosha, fundi anachimba mtaro wa kokoto wa kupitisha maji yaende mbali na ukuta. Mbarikiwe sana.